Inchi Nne na Nusu

Fundi bodi ameshalipwa nusu. Grenda anayo, mtungi wa gesi anao, na amemwambia kaka yangu kwamba kazi yenyewe ni ya siku mbili: siku ya kwanza kukata, siku ya pili kubandika. Kinachokatwa ni madigadi manne ya Datsun 240Z, gari alilotuachia baba, ili ipatikane nafasi ya rimu za inchi tisa. Naandika haya kabla grenda halijawashwa. Likishawashwa nitakuwa naandika tanzia ya bati, na tanzia za bati hazisomwi na mtu.

Kaka ameniambia nirudi Dar es Salaam nikamalize tasnifu, mambo ya gari nimwachie yeye. Tasnifu itamalizika. Madigadi yakishakatwa hayarudi, na hilo ndilo linalonifanya niseme kwa sauti kubwa kuliko adabu ya mdogo mtu inavyoruhusu. Wala simpingi yeye peke yake. Kila kijana ninayemfahamu mwenye gari la zamani la spoti, awe na Celica, awe na MR2, awe na Skyline inayoliwa na kutu, ana picha ileile kwenye simu: gari limelala chini, matairi yametokeza nje kama masikio ya tembo, ubavu wa tairi haufiki vidole vitatu. Na wote wana dawa moja. Gari linayumba kwenye kona? Ongeza upana. Gari linaonekana jembamba mbele ya wenzake? Ongeza upana. Mimi nasema upana huo, kwa jinsi unavyofungwa kwenye gereji zetu, unaharibu magari mazuri, na kuna siku utaua mtu. Nusura uniue mimi.

Nianze na gari lenyewe, maana wanaotaka kulikata hawajawahi kulisoma.

Baba alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la kahawa chini ya Kibosho. Z hii aliikuta 1987 nyuma ya ghala, panya wamezalia ndani ya kiti cha dereva, kabureta mbili hazipo. Aliinunua kwa awamu, na awamu mojawapo ilikuwa mbuzi wawili. Ilimchukua miaka minne kuiwasha. Mama anasema katika miaka hiyo minne alikuwa na mke mwenza mwenye silinda sita.

Gari hili lilitoka kiwandani na rimu za chuma za inchi 14, upana wake inchi nne na nusu. Narudia kwa sababu watu wakisikia hudhani nimekosea: nne na nusu. Tairi lake lilikuwa la 175. Leo kuna magari ya kubebea watoto shule yenye matairi mapana kuliko hayo. Kaka huitaja namba hiyo kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Lakini gari zima lina uzito wa tani moja na kidogo, injini yake ni ya lita 2.4, na waliolichora mwishoni mwa miaka ya 1960 walipima kila kitu kwa kufuata tairi hilo: urefu wa springi, ugumu wa bushi, uzito wa usukani usio na msaada wa mota wala wa mafuta. Ukishika usukani wa Z kwenye barabara ya kokoto unasikia kila kijiwe. Baba alikuwa akisema gari hili linakuambia habari kabla hazijatokea.

Na habari zake kubwa zilitokea huku kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za East African Safari wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, gari la aina hiyohiyo, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Gari la 1971 Nissan wamelihifadhi mpaka leo kwao Japani. Baba alibandika picha yake iliyokatwa gazetini kwenye mlango wa stoo, na tangu utotoni nimeitazama kila nilipotumwa jembe. Tazameni picha hizo kabla ya kuniita mshamba. Gari limesimama juu. Tairi ni refu, ubavu wake mnene, limekaa ndani ya madigadi kama mguu ndani ya buti. Magari yale yalipita kwenye tope, kwenye vumbi la kufunika taa, kwenye mawe ya ukubwa wa sufuria, na hakuna aliyeyapeleka huko yakiwa na ubavu wa vidole viwili.

Sasa niingie kwenye upana wenyewe, kwa sababu hapa ndipo uongo mkubwa ulipo, na wanaousema wengi hawajui kuwa ni uongo.

Gurudumu moja la Z linabeba kama kilo 260. Ukijaza upepo wa 28, sehemu ya tairi inayogusa barabara ni kama sentimita za mraba 130, ukubwa wa kiganja na vidole vyake. Hesabu ni nyepesi: uzito ugawanye kwa upepo. Si kamili, kwa kuwa mpira wenyewe nao unabeba kidogo, lakini inatosha kwa mabishano ya gereji. Tazama kilichomo ndani ya hesabu hiyo: uzito na upepo. Upana haumo. Ukifunga tairi la 225 badala ya 175, kwa upepo uleule, kiganja hakiongezeki kama unavyofikiri. Kinageuka umbo. Kilichokuwa kirefu kuelekea mbele kinakuwa kifupi na kipana kuelekea pembeni.

Umbo hilo lina faida, sitadanganya. Kwenye lami kavu, laini na yenye joto, kiganja kipana hushika kona vizuri zaidi, na mpira mwingi unavumilia joto kwa muda mrefu. Ndiyo maana Z za mashindano zilizokuwa zikiendeshwa na John Morton Marekani, aliyetwaa ubingwa wa daraja lake 1970 na 1971, zilivaa matairi mapana ya mbio. Zilikuwa zinazunguka kwenye uwanja uliofagiwa. Kila baada ya mbio kulikuwa na watu wa kuzifungua na kukagua beringi moja moja. Mtu akinionyesha uwanja wa namna hiyo kati ya Boma Ng'ombe na Moshi, na hao watu wa kukagua, nitamshikia grenda mimi mwenyewe.

Tulichonacho ni barabara ambayo malori yameichimba mifereji miwili, na masika.

Aprili 2023 kaka aliazima rimu kutoka kwa rafiki yake wa Arusha ili tuone gari litakavyopendeza. Zilikuwa za inchi 15, upana inchi nane, tairi 225/50. Kwa ndani tairi liligusa kikalio cha springi, kwa sababu kwenye Z springi imesimama palepale kando ya gurudumu na nafasi ya ndani ni ndogo tangu siku ya kwanza. Dawa ikawa spesa, kisahani cha bati nene cha milimita 8 kinachosukuma rimu nje. Nilikuwepo wakati wa kufunga. Nati za rimu ya chuma huzunguka mara kumi au kumi na moja kabla ya kukaza. Nilihesabu za siku ile: tano. Nikamwambia fundi kwamba nati imeshika nusu ya stadi. Akanijibu kwa upole sana, "Dada, hizi zinashika zenyewe kwa uzito wa gari." Sina la kusema juu ya jibu hilo. Nimelibeba mpaka leo kama jiwe kwenye kiatu.

Tukarudi Moshi na mvua. Kaka anaendesha, mimi pembeni. Kwenye ule mteremko wa kushukia daraja la Kikafu maji yalikuwa yamejaa kwenye mifereji ya malori, yanang'aa kama vioo viwili. Spidomita ilisema 80. Kwa kweli ilikuwa kama 76, kwa sababu tairi la 225/50 la inchi 15 ni fupi kuliko lile la asili kwa karibu milimita 30, hivyo linazunguka mara nyingi zaidi na kuidanganya spidomita. (Huu nao ni msiba mdogo wanaousahau: wanafunga tairi fupi, halafu wanasifia gari kuwa limechangamka.) Tairi jembamba hukata maji kama kisu. Tairi pana linayakanyaga kama ubao, na maji yakikosa pa kwenda yanalinyanyua. Nilisikia usukani ukinyamaza. Sina neno lingine. Gari lililokuwa likituambia habari miaka yote likanyamaza, na mikono ya kaka ikazungusha usukani robo nzima bila gari kujibu.

Mbele yetu kulikuwa na lori la saruji likipanda.

Labda ilikuwa sekunde moja. Tairi la mbele kulia liliposhika tena, lilishika ghafla, usukani ukiwa umekatwa, gari likaruka kuelekea upande wa lori kisha likarudi. Dereva wa lori alipiga honi baada ya kutupita, honi ndefu ya mtu aliyekwisha kutuhesabu. Kaka hakusema neno mpaka ng'ambo ya daraja. Tulipoingia kituo cha mafuta na kukata kona, tukasikia mlio kama wa kuchana turubai: pindo la madigadi lilikuwa linanyoa ukingo wa tairi. Nyuzi za mpira zilikuwa zinaning'inia.

Hapa ndipo mimi na kaka tuliposhuka kwenye gari lilelile tukaona mambo mawili tofauti. Yeye aliona bati limekata tairi. Basi bati likatwe.

Mimi nilichuchumaa na kuwasha tochi ya simu. Ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa herufi za DOT, kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Yale yalikuwa 2311. Wiki ya 23, mwaka 2011. Tulikuwa tumepanda matairi yenye umri wa karibu miaka 12, yaliyochakaa nchi nyingine, yakashushwa bandarini, yakapakwa rangi nyeusi yang'ae, yakauzwa kama mali. Kashata ilikuwepo, ndiyo, lakini mpira ulikuwa umekauka kama soli ya kiatu cha marehemu. Sasa niulize waumini wa upana: tairi pana lililokufa linashika nini? Kijana hana pesa ya matairi mapya manne ya 225, hilo naelewa, sote tunaishi kwa kupiga hesabu. Kwa hiyo ananunua ya mtumba, mapana, mazee. Kwa pesa hiyohiyo, au pungufu, angepata mapya membamba ambayo yangemshikia breki kwenye maji. Lakini mpira mpya hauonekani kwenye picha. Upana unaonekana.

Na nani ameona beringi? Gurudumu la mbele linapopinda, linazunguka kwenye mstari usioonekana unaotoka juu ya shokapu, unapita kwenye boli jointi, unafika chini. Wahandisi wa gari waliupanga mstari huo ufike karibu na katikati ya tairi. Ukilisukuma tairi nje kwa rimu pana na spesa, umetengeneza wenzo. Kila shimo sasa linavuta usukani, kila mfereji wa lori unataka kuchagua njia badala yako. Beringi iliyozoea kubeba mzigo juu yake inabebeshwa kwa pembeni, kama mtu aliyezoea ndoo kichwani ukamwambia aishike kwa mkono ulionyooshwa. Atafika mtoni. Siku ngapi mfululizo?

Najua nitaambiwa kwamba Wajapani wenyewe walilitanua. Kweli. Mwaka 1971 Nissan waliuza Japani toleo lililoitwa 240ZG, lenye pua ndefu na vipande vya madigadi vilivyofungwa juu ya bati, na picha nyingi kwenye simu za vijana wetu ni wajukuu wa gari hilo. Lilitengenezwa ili vipande hivyo vikubalike kisheria mashindanoni. Walifanya kwa sababu, wakajua sababu yenyewe. Na kama tunawafuata Wajapani, tuwafuate mpaka mwisho. Toyota walipotoa gari lao dogo la spoti, 86, mwaka 2012, walilifunga Michelin Primacy za 215, tairi ambalo lilikuwa pia likifungwa kwenye Prius. Watu walicheka. Mhandisi mkuu, Tetsuya Tada, alikusudia hivyo: alitaka gari ambalo dereva wa kawaida anaweza kulisikia linapoanza kuteleza, akiwa bado kwenye mwendo anaoweza kuumudu. Huyo alikuwa na ghala zima la matairi mapana la kuchagua.

Nisieleweke kuwa nataka kuligeuza gari kuwa kaburi. Rimu ya inchi nne na nusu ni nyembamba mno kwa matairi yanayopatikana leo, nakubali, na baba mwenyewe alikubali. Pendekezo langu nimelipeleka kwa kaka kwenye karatasi, likiwa na vipimo. Rimu za inchi 14, upana inchi sita. Tairi 195/70, jipya, lenye namba ya mwaka huu au jana. Kimo chake ni milimita 629, la asili ni kama 636, spidomita haitajua hata kama kuna kilichobadilika. Linaingia ndani ya madigadi bila spesa, bila grenda, nati zinazunguka mpaka mwisho. Ubavu wake ni zaidi ya milimita 136 za mpira na upepo kati ya rimu na shimo. Tairi la inchi 17 analolitaka yeye, 225/45, lina 101. Kisha pesa itakayobaki tununue bushi, kwa kuwa bushi za gari hili zina umri wa kaka yangu, na sehemu kubwa ya kuyumba anakokulalamikia kunatoka humo.

Alisoma karatasi yote. Yeye si mjinga, wala simwandiki kama mjinga. Alisema, "Dada, hili gari watu wanalipita bila kugeuka." Nikakaa kimya, maana hiyo ilikuwa kweli, na haikuwa habari ya gari. Tangu baba afariki kaka amebaki Moshi peke yake na gereji inayodaiwa kodi, na mimi niko mjini nasoma kwa pesa ambayo sehemu yake ni jasho lake. Anataka kitu kimoja ambacho watu watageuka kukitazama. Ningempa. Lakini sitampa kwa kukata bati ambalo baba alilinyoosha kwa nyundo ya mbao kwa miaka minne, ili tukae juu ya mpira wa 2011 kwenye mteremko wa Kikafu.

Rimu nne za chuma bado ziko stoo, zimefungwa kwenye magunia ya katani, baba alizipaka grisi kabla ya kuugua. Ufunguo wa stoo anao mama. Kadi ya gari bado ina jina la baba, mirathi haijafungwa, hivyo kisheria hakuna kati yetu mwenye ruhusa ya kukata hata waya wa honi. Jana nilimpigia simu fundi bodi, nikamwamkia, nikamweleza hayo yote, mpaka habari ya stadi na nati. Alinisikiliza vizuri, mzee wa watu. Akaniuliza ile nusu aliyokwisha kupokea amrudishie nani.